Polisi wamechukua simu na daftari la binti yangu, sasa wananitaka nisaini

Wakili, salamu.

Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo natakiwa kituoni na sijui nikifika niseme nini.

Ninaishi na binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka 15, nimemlea tangu akiwa shule ya msingi, ananiita mama mdogo. Wiki iliyopita wanafunzi wa shule yao walipigana kwenye kituo cha basi, mmoja akaumizwa vibaya kichwani. Binti yangu hakupigana. Alikuwa amesimama pembeni na wenzake, na watoto wa siku hizi unawajua, nusu yao walikuwa wameinua simu wanarekodi.

Polisi walifika vurugu zimekwisha. Wakawapanga watoto ukutani, wakaanza kukusanya simu. Mwanangu anasema askari alimwambia, "Lete simu." Akampa. Akaambiwa, "Fungua." Akafungua. Askari akapitia picha na video, kisha akaingia kwenye meseji, akasoma mpaka mazungumzo yake na mimi. Halafu wakalimwaga begi lake chini: vitabu, sweta, kipochi cha pesa za nauli, na daftari lake lenye jalada la kitambaa ambalo huandikia mambo yake ya moyoni. Mengi yaliyomo humo anamwandikia marehemu mama yake. Askari akasoma mistari miwili mitatu kwa sauti, wenzake wakacheka, na watoto wengine wanasikia. Kisha simu, daftari na kipochi vikatumbukizwa kwenye mfuko mmoja, vikaondoka.

Hakupewa karatasi yoyote wala hakuulizwa kama kuna mtu mzima wa kupigiwa. Nilipokwenda kituoni jioni, askari wa mapokezi alinijibu kwamba mtoto hana mali, kwamba vitu alivitoa mwenyewe kwa hiari, na kwamba mimi si mzazi wake, kwa hiyo hana la kuzungumza na mimi. Kesho yake akanipigia mpelelezi, huyo mstaarabu zaidi. Akasema binti yangu hashukiwi chochote, ni shahidi tu, ila Ijumaa niende nisaini fomu inayosema mtoto alikabidhi vitu vyake kwa hiari yake, "ili tuende sawa." Ajabu ni kwamba jana yake sikuwa mzazi, leo nimekuwa mlezi wa kutosha kusaini!

Mume wangu anasema nisaini yaishe, asiye na kosa haogopi kupekuliwa. Binti mwenyewe simu haiulizii. Anauliza daftari tu.

Je, sheria inawaruhusu kumchukulia mtoto vitu vyake bila idhini yake wala yetu? Kusema "haya" mbele ya askari ni kukubali? Nisaini au nisisaini? Na jambo jingine, nalo naliuliza kwa aibu: akaunti yake iko wazi kwenye kompyuta ya nyumbani, na mume wangu anasema tunaweza kuifuta ile simu tukiwa huku huku ili meseji zake zisiendelee kusomwa. Tufute?

Mama mdogo

*

Mama mdogo,

Usifute chochote. Naanza na hilo kwa sababu katika barua yako yote ndilo pekee linaloweza kukuondoa kwenye kiti cha mlalamikaji na kukukalisha kwenye cha mtuhumiwa. Simu ikishashikiliwa na polisi kwa ajili ya upelelezi, kuifuta kwa mbali kunahesabika ni kuharibu ushahidi, na kusema nia yenu ilikuwa kuficha meseji za mtoto na mlezi wake hakutawasaidia sana. Iacheni akaunti ilivyo.

Fomu nayo usiisaini kama ilivyoandikwa. Sababu yake itaeleweka vizuri nikikueleza kwanza sheria imekaaje. Hukutaja unaishi nchi gani, kwa hiyo nitashika yale yanayofanana mahali pengi, na pale sheria ya nchi fulani ina funzo kwetu nitaitaja.

Swali lako la kwanza lina jibu lisilofurahisha. Polisi mwenye mamlaka ya kisheria hahitaji idhini ya mtoto, na ya mlezi pia haihitaji. Akiwa na kibali cha mahakama kinachotaja kitu fulani, anakichukua. Akimkamata mtu kihalali, anaweza kumpekua na kuchukua kinachohusiana na kosa. Akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba ushahidi utapotea kabla kibali hakijapatikana, nchi nyingi humruhusu achukue kwanza na kujieleza baadaye. Vipo hata vitu ambavyo kijana ananyang'anywa kwa sababu ya umri wake tu: Uingereza ina sheria ya mwaka 1997 inayomwezesha askari kumchukulia pombe kijana wa chini ya miaka 18 akiwa mahali pa hadhara. Katika hali zote hizo mtoto akisema hapana, hapana yake haizuii.

Idhini inakuwa na kazi pale ambapo hakuna kibali, hakuna aliyekamatwa na hakuna dharura. Sasa itazame upya ile fomu. Kama mpelelezi ana mamlaka ya kutosha kuchukua vile vitu, saini yako ya nini? Inawezekana ni utaratibu tu wa ofisi yake, sitaki kumhukumu mtu ambaye sijamsikiliza. Lakini fomu ya hiari inayotafutwa siku kadhaa baada ya vitu kuchukuliwa mara nyingi inatafutwa ili kuziba pengo, na wewe ndiye unayeombwa kuliziba. Ukishasaini kwamba mtoto alitoa kwa hiari, malalamiko yako mengine yote yanakosa mguu wa kusimamia.

Je, alitoa kwa hiari? Kwa maelezo yako, sioni hiari. "Lete" na "fungua" ni amri. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1973, katika kesi ya Schneckloth dhidi ya Bustamonte, kwamba idhini ya kupekuliwa lazima itolewe kwa uhuru, na kwamba katika kuipima huangaliwa mazingira yote, umri mdogo wa aliyeombwa ukiwemo. Mwaka 2011 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya kijana wa miaka 13 anayetajwa kwa herufi za J.D.B., aliyehojiwa na polisi shuleni bila bibi yake, ambaye ndiye aliyekuwa mlezi wake, kupewa habari. Ikasema umri wa mtoto lazima uzingatiwe wakati wa kupima kama alijiona yuko huru kuondoka, kwa sababu mtoto hujisikia amebanwa pale ambapo mtu mzima angeaga na kwenda zake. Hukumu za Marekani hazimfungi hakimu wa nchi nyingine, lakini hoja yake haina mpaka. Mtoto wa miaka 15 aliyesimamishwa ukutani na watu wenye sare hajui kama ana ruhusa ya kukataa, na hakuna aliyemwambia. Kutii si kukubali.

Hilo la "mtoto hana mali" limeniudhi zaidi. Mtoto anaweza kumiliki mali. Anachowekewa mipaka ni kuingia mikataba fulani. Na tuseme simu ni yako kwa sababu uliinunua wewe: basi walipaswa kuzungumza na wewe, wasikufukuze mapokezini. Isitoshe, faragha haimfuati mwenye risiti ya dukani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa isipokuwa Marekani, unasema katika ibara ya 16 kwamba mtoto asiingiliwe kiholela au kinyume cha sheria katika faragha, familia, nyumba au mawasiliano yake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto una ulinzi wa namna hiyo katika ibara ya 10. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, inalinda "kila mtu" dhidi ya kupekuliwa, kuchukuliwa mali zake na kuingiliwa mawasiliano yake. Mtoto naye ni mtu.

Tuje kwenye simu, na hapa nitawatendea polisi haki. Mtoto mwenzao ameumizwa kichwa. Kulikuwa na video kwenye simu nyingi, na vijana wenye hofu hufuta video upesi sana. Askari aliyezikusanya simu pale pale ili zisifutwe ana hoja ambayo mahakama nyingi zingeisikiliza. Sheria ya polisi ya Uingereza ya mwaka 1984 ina kigezo kinachofanana na hicho: kitu ni ushahidi wa kosa, na kukichukua ni lazima kisije kikafichwa, kikapotea, kikabadilishwa au kikaharibiwa. Kwa hiyo ukienda Ijumaa kudai kwamba hawakuwa na haki hata ya kuigusa simu, huenda ukashindwa.

Pa kusimamia ni hapa: kuishika simu ni jambo moja, kuifungua na kuisoma ni jingine. Mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani walikubaliana kwamba hata mtu aliyekamatwa kihalali, simu yake haipekuliwi bila kibali ila kukiwa na dharura ya kweli. Polisi wanaweza kuizuia isiharibiwe, kisha waende kwa hakimu. Sababu yao iko wazi kwa kila mwenye simu: maisha ya mtu yamo mle ndani. Sasa, askari alikuwa anatafuta video ya ugomvi wa dakika chache. Meseji zako na mwanao zinahusiana vipi na kichwa kilichopasuliwa kituo cha basi? Hata kama angekuwa na ruhusa ya kutazama video ile, ruhusa hiyo ingeishia kwenye video.

Na binti ni shahidi. Hili litamke Ijumaa mara nyingi kadiri unavyoweza, maana mpelelezi mwenyewe amelisema. Uingereza imetunga sheria mwaka 2022 kuhusu polisi kutoa taarifa kwenye simu ambazo wenyewe, mashahidi na wahanga wakiwamo, wamezitoa kwa hiari. Kwa mtoto ambaye hajafikia umri uliowekwa humo, anayekubali ni mzazi au mlezi, na polisi wanatakiwa wajaribu kujua maoni ya mtoto mwenyewe. Yaani waliokaa chini wakalifikiria jambo hili hawakuona kwamba "ndiyo" ya mtoto peke yake inatosha.

Kuhusu namba ya siri, sheria za nchi zinatofautiana na zinabadilika. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2000 inayowezesha mtu kulazimishwa kufungua kilichofungwa, lakini kwa notisi rasmi yenye idhini ya ngazi husika. Askari kusema "fungua" barabarani si notisi. Mtoto anayetuhumiwa analindwa pia na ibara ya 40 ya Mkataba ule asilazimishwe kujitolea ushahidi wala kukiri kosa.

Daftari. Nimelisoma mara ya pili hilo aya lako na nimekosa hoja hata moja ya kuwatetea. Daftari halirekodi ugomvi. Hakukuwa na dalili kwamba limetumika kwenye kosa, halikuibwa, si silaha. Mamlaka ya kuchukua kitu hutokana na uhusiano wa kitu hicho na kosa linalochunguzwa, na hapa uhusiano haupo kabisa. Lilichukuliwa kwa sababu lilikuwa ndani ya begi. Kulisoma kwa sauti mbele ya wenzake ni kosa jingine, tena la nidhamu, hata kama uchukuaji ungekuwa halali. Ile ile ibara ya 16 inataja pia heshima na sifa ya mtoto. Usiruhusu jambo hili limezwe na mazungumzo ya simu. Liandikie malalamiko yake peke yake, na uwapelekee wanaopokea malalamiko dhidi ya polisi: Kenya ni IPOA, Afrika Kusini ni IPID, Uingereza na Wales ni IOPC, kwingine ni tume ya haki za binadamu au ofisi ya juu ya polisi wenyewe. Kama kuna mtoto mwenzake aliyesikia yakisomwa, mzazi wake aombwe amruhusu aandike alichosikia mapema, kumbukumbu ikiwa bado mbichi.

Kipochi ni jambo dogo. Pesa za nauli si ushahidi wa kitu chochote. Zihesabiwe mbele yako na zirudi.

Lakini zirudi kutoka wapi, kama hakuna karatasi? Kwangu mimi kukosekana kwa stakabadhi ndilo doa kubwa kuliko yote, kwa sababu halihitaji ubishi wa nani alisema nini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inamtaka afisa anayechukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi ya kukiri kukichukua, yenye saini ya mwenye mahali pale au ndugu yake na mashahidi kama wapo. Uingereza polisi hutakiwa kutoa orodha ya walichochukua wakiombwa. Kituo kinachoendeshwa vizuri kina kitabu cha vielelezo na daftari la matukio, na kila kitu kilichoingia kinaandikwa humo kwa namba. Waombe wakusomee ingizo lao. Kama halipo, vitu vya mwanao viko mikononi mwa mtu, haviko mikononi mwa kituo, na mkuu wa kituo akilisikia hilo atakaa wima.

Kuhusu wewe kutokuwa mzazi: beba chochote kinachoonyesha unamlea, cheti cha kifo cha dada yako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya shule inayokutaja, amri ya mahakama kama mliwahi kuitafuta. Sheria za watoto za nchi nyingi hulitambua jukumu la anayemtunza mtoto kwa hakika, si la mzazi wa damu tu. Na wao walishakutambua walipokuita usaini.

Ijumaa basi. Usiende peke yako. Nenda na wakili, na kama uwezo haupo, nenda na mtu wa shirika la msaada wa kisheria au afisa wa ustawi wa jamii. Omba kumwona mkuu wa kituo pamoja na mpelelezi. Peleka barua fupi nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Barua itaje siku, mahali, vitu vilivyochukuliwa, kwamba hakukuwa na kibali wala stakabadhi, na kwamba wewe kama mlezi hukuulizwa. Kisha iombe daftari na kipochi virudi siku hiyo hiyo. Kuhusu simu, sema uko tayari video ya ugomvi inakiliwe mbele yako na mbele ya binti, video hiyo tu, halafu simu irudishwe. Sheria ya Uingereza niliyoitaja, ya 1984, inakataza kuendelea kushikilia kitu kama ushahidi iwapo picha au nakala yake inatosha. Hata pale ambapo kanuni hiyo haijaandikwa, ni ombi ambalo mpelelezi mwenye busara hana sababu ya kulikataa. Mtoto aliyeumia anaihitaji video hiyo, na nyinyi hamna haja ya kuonekana mnaizuia.

Wakikurudishia fomu yao, iombe uisome kwanza. Unaweza kusaini kwamba umepokea vitu fulani, au kwamba wewe kama mlezi unakubali video inakiliwe kuanzia leo. Maneno kwamba mtoto alitoa kwa hiari yakatwe kwa kalamu kabla hujaweka saini. Wakisema fomu haikatwi, usisaini. Kutosaini tamko usiloliamini si kosa.

Mume wako namwelewa. Amechoka, anataka funika kombe mwanaharamu apite. Mwambie tu kwamba binti yenu hana kosa, na bado daftari lake limesomwa hadharani. Kutokuwa na kosa hakukumkinga.

Muulize na binti, kabla ya Ijumaa, anataka kwenda au hataki. Ibara ya 12 ya Mkataba inampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Akienda, awe ndani ya chumba mnapozungumza, asiachwe kwenye benchi la nje. Asihojiwe upya kuhusu ugomvi siku hiyo kama hukuwa umeambiwa mapema na hakuna wakili karibu. Asipokwenda, aandike mwenyewe orodha ya vitu vyake na hali vilivyokuwa navyo, kurasa za daftari zikiwemo, ili mkilipokea mjue kama kuna iliyochanwa. Na ukiweza kupata nakala ya ile fomu kabla ya siku hiyo, nitumie ukiwa umefunika majina, nikuonyeshe maneno ya kukata.

Wakili